Chupa Zifichwe, Tangi Lijazwe: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Shindano la Kuonja Chardonnay Dodoma kwa Ajili ya Hisani

Mwongozo huu ni wa watu 14, chupa saba za Chardonnay, mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilohilo, na simtanki moja la maji la lita 5,000 ambalo fedha za hisani zitalinunua. Namba hizo zina sababu. Chupa ya mililita 750 ukiimimina mililita 50 kwa kila glasi inawatosha watu 14, na kinachobaki kinamtosha mratibu kuhakikisha kwamba mvinyo haujaharibika. Kati ya hao 14, kumi na wawili wanalipa kiingilio na kuleta chupa sita, yaani jozi moja chupa moja. Wawili ni wageni waalikwa, nitawaeleza mbele. Chupa ya saba analeta mratibu, na hiyo ina kazi yake maalumu.

Dodoma tunaishi katikati ya mizabibu. Ukishika njia ya Hombolo, Mpunguzi, Bihawana au Chamwino unaipita shamba baada ya shamba, na zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalipati. Hata hivyo ni wachache kati yetu waliowahi kuketi na glasi nne zilizopangwa, hawajui ipi ni ipi, wakalazimika kuamua kwa pua na ulimi wao peke yake. Ninachoamini ni hiki: mtu hajui anachokipenda mpaka lebo ifichwe. Na aliyegundua ladha yake mwenyewe mbele ya wenzake hutoa mchango kwa moyo mweupe kuliko yule aliyetumiwa kadi ya mchango ya kumi mwezi huohuo.

Anzeni na tangi, siyo na chupa

Kosa la shughuli nyingi za hisani ni kukusanya fedha kwanza halafu kutafuta pa kuzipeleka. Chagueni kitu kimoja kinachoshikika. Mimi napendekeza tangi la kuvunia maji ya mvua katika shule ya msingi iliyo kwenye kata ya wakulima wa zabibu, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na kila mchangiaji anaielewa. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 100, ambalo ni kama madarasa mawili hivi, hukusanya karibu lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Kwa hiyo milimita 60 zinalijaza tangi la lita 5,000 hata ukitoa kinachomwagika njiani, na msimu ukiwa mzuri litajaa tena na tena.

Pateni makadirio ya fundi kwa maandishi: tangi, gata, mabomba, koki, na kitako cha tofali na zege. Kitako kisisahaulike. Tangi lililojaa lita 5,000 lina uzito wa tani tano, na likiwekwa juu ya udongo uliolainika kwa mvua litainama.

Kabla ya kutangaza lolote, nendeni kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, mseme wazi kwamba fedha zitatokana na shughuli ya kuonja mvinyo. Wapo wazazi ambao dini yao haiwaruhusu kunufaika na fedha ya kileo, na heshima inadai waulizwe kabla. Wakikataa, shukuruni, mtafute zahanati au kijiji kingine. Wakikubali, ahidini mambo mawili na myatimize: shughuli haitafanyika katika eneo la shule, na tangi halitachorwa chupa wala jina la kinywaji.

Siku nzuri ni Jumamosi ya Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Mavuno ya pili ya zabibu yanakuwa yanaelekea kuisha, na fundi anabaki na wiki za kutosha kufunga tangi kabla ya mvua ya kwanza. Mkichagua tarehe nyingine, epukeni Ramadhani na Kwaresima.

Suala la kibali msilifanye la kukisia. Kwa kuwa kuna kiingilio na kuna kileo, mtu anaweza kusema mnauza pombe. Pitieni kwa afisa biashara wa Jiji mumweleze mpango wenu, na mtendaji wa mtaa ajue. Aliye chini ya miaka 18 haingii, hata kama amekuja kumsaidia mzazi kubeba viti.

Kwa nini Chardonnay

Kwa sababu zabibu hii yenyewe haina makelele. Muscat inanukia maua hata ukiwa mbali, Sauvignon Blanc inanukia majani mabichi, lakini Chardonnay inachukua sura ya mahali ilikolimwa na mikono iliyoitengeneza. Ikilimwa kwenye baridi hutoa ndimu na tufaha la kijani. Kwenye joto hutoa nanasi na embe. Fundi akiiweka kwenye tangi la chuma inabaki kavu na safi, akiiweka kwenye pipa la mwaloni inapata vanila na harufu ya mkate uliobanikwa. Kwa watu wanaotaka kulinganisha, hakuna zabibu nyeupe inayofundisha mengi kwa haraka kama hii.

Asili yake ni Burgundy, Ufaransa. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba ni mtoto wa Pinot, zabibu ya heshima, na Gouais Blanc, zabibu ya wakulima wa kawaida iliyokuwa ikidharauliwa. Nalipenda sana jambo hilo.

Na ni Chardonnay iliyowapa Wafaransa somo kubwa kuhusu lebo. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo Paris, Steven Spurrier, aliwakalisha majaji tisa Wafaransa mbele ya mivinyo myeupe kumi, yote Chardonnay: minne ya Burgundy na sita ya California. Chupa zilifichwa. Alama zilipojumlishwa, wa kwanza ulikuwa Chateau Montelena wa mwaka 1973 kutoka California, uliotengenezwa na Mike Grgich, mzaliwa wa Croatia. Majaji wale walikuwa mabingwa wa kazi yao. Walichopungukiwa siku ile ni jina la kuwaongoza. Wasomeeni wageni wenu kisa hiki kabla ya kuanza, kitawaondolea woga wa kusema wanachokionja.

Kugawa chupa

Msiache kila jozi ichague inavyotaka, mtaletewa chupa sita za duka moja. Mratibu agawe aina, na aipe kila jozi yake kwa siri. Mgawo ninaoupendelea ni wa raundi mbili.

Raundi ya kwanza ni mivinyo mitatu ambayo haijapita kwenye pipa, au imepita kidogo sana. Wa kwanza ni Chablis, kutoka pembe ya kaskazini ya Burgundy, kwenye baridi na udongo wa chokaa. Kwenye lebo yake neno Chardonnay mara nyingi halipo, lakini kwa sheria ya Ufaransa kila Chablis ni Chardonnay tupu. Wa pili ni wa Robertson, Afrika Kusini, eneo lenye joto ambalo nalo linasifika kwa udongo wa chokaa. Tafuta chupa iliyoandikwa "Unwooded", maana yake haikuguswa na mbao. Wa tatu ni wa bonde la Casablanca, Chile, ambako ukungu wa bahari ya Pasifiki huyapoza mashamba asubuhi.

Raundi ya pili ni mivinyo mitatu iliyokaa kwenye mapipa: mmoja wa Stellenbosch, Afrika Kusini, mmoja wa Australia au California, na mmoja wa Burgundy yenyewe. Huo wa Burgundy uwe wa kijiji cha Meursault kama mfuko unaruhusu, la sivyo chupa iliyoandikwa Bourgogne tu, yaani Burgundy kwa Kifaransa, inatosha.

Chupa ya saba, ile ya mratibu, ni pacha wa ile ya Stellenbosch: jina lilelile, mwaka uleule wa mavuno, ikiwezekana duka lilelile. Itaingia raundi ya pili bila mtu kuambiwa. Hivyo raundi ya pili ina glasi nne na mbili kati yake ni mvinyo mmoja. Kazi ya pacha huyu ni kupima kama meza inaonja kweli au inakisia.

Bei hazitalingana, hilo ni wazi. Jozi ya Burgundy itatoa zaidi ya jozi ya Robertson. Mnaweza kupanga kwa uwezo wa kila mmoja, au mkaweka gharama za chupa chungu kimoja na kugawana sawa. Njia ya pili inaleta amani zaidi.

Kununua bila kuuziwa mvinyo uliopikwa na jua

Joto ndilo adui mkubwa wa mvinyo mweupe hapa kwetu. Chupa iliyosimama miezi kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana haifai hata kama lebo inang'aa. Usichukue ya dirishani. Mwombe muuzaji akuletee kutoka stoo, kisha iangalie: kizibo kisiwe kimeinuka, pembeni pasiwe na michirizi ya mvinyo uliovuja, na ukiisimamisha kwenye mwanga rangi iwe ya majani makavu au dhahabu. Ikielekea kahawia, iache. Kwa ile isiyopita kwenye pipa nunua ya mavuno ya karibuni, isizidi miaka mitatu hivi. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni. Kwa nchi ya joto mimi nakipenda kuliko kizibo, kwa sababu ni nadra kuleta harufu ya boksi lililolowa, ile inayotokana na kizibo kibovu.

Hakikisha stempu ya kodi ya TRA ipo kwenye chupa, na dai risiti ya EFD. Risiti hizo mtazihitaji kwenye hesabu. Kama chupa zinatoka Dar es Salaam, zisafiri na mtu ndani ya gari lenye kiyoyozi. Buti la basi mchana wa Oktoba linazipika. Zikifika, ziache zitulie mahali penye giza na ubaridi siku mbili tatu.

Chumba, glasi na baridi

Tafuteni sebule au ukumbi wenye mwanga wa dirishani, na meza ifunikwe kitambaa cheupe au karatasi nyeupe ili rangi ionekane. Vumbi na upepo wa Dodoma mnavijua, kwa hiyo uwanjani hapafai, upepo unaipeperusha harufu kabla haijafika puani. Feni iwe polepole. Jiko la nyama choma liwe mbali, upande upepo unakoelekea, na liwashwe baada ya kura. Wageni waambiwe mapema wasijipulizie manukato wala kufukiza udi siku hiyo. Wengine watanuna kidogo, lakini mtu mmoja mwenye marashi makali anawanyima meza nzima haki ya kunusa.

Glasi zinahitajika nne kwa kila mtu, yaani 56, zote za umbo moja, zenye tumbo pana na mdomo uliobana. Wanaokodisha vyombo vya sherehe wanazo. Zioshwe kwa maji ya moto bila sabuni nyingi, na kila moja inuswe ikiwa tupu. Glasi iliyofungiwa kabatini hupata harufu ya mbao na vumbi ambayo mtu ataisingizia mvinyo.

Baridi inahitaji umakini. Mvinyo ukiwa wa baridi kama barafu haunukii chochote, na huo ndio ugonjwa wa baa nyingi. Isiyo ya pipa inywewe kwenye nyuzi 8 hadi 10, ya pipa nyuzi 11 hadi 13. Friji ya nyumbani huwa nyuzi 4 hivi. Kwa hali ya hewa yetu toa za raundi ya kwanza dakika 15 kabla ya kumimina na za raundi ya pili dakika 25, ukikumbuka kwamba mililita 50 kwenye glasi hupata joto upesi. Umeme ukikatika, jaza ndoo maji na barafu kwa kiasi sawa, tia konzi mbili za chumvi, tumbukiza chupa hadi shingoni. Dakika 20 zinatosha. Barafu peke yake bila maji haifanyi kazi hiyo vizuri, kwa sababu haiigusi chupa yote.

Kuficha

Kuficha kufanywe na watu wawili. Mratibu anavua karatasi ya shingoni yote, anaweka vifuniko na vizibo kando mahali pasipoonekana, anaingiza kila chupa kwenye mfuko wa kaki na kuufunga kwa mpira shingoni. Anazitenga za raundi ya kwanza na za raundi ya pili, kisha anatoka chumbani. Msaidizi anaingia, anazichanganya ndani ya kila raundi na kuandika herufi A hadi C, halafu D hadi G. Baada ya hapo hakuna hata mmoja anayejua yote. Tumieni herufi na siyo namba, kwa sababu namba zitatumika kupanga nafasi na watu watachanganya.

Kabla ya kumimina, mratibu anaonja tone kutoka kila mfuko. Boksi lililolowa au kabati lenye ukungu, maana yake kizibo kimeharibu mvinyo. Tufaha lililokatwa likaachwa likawa kahawia, maana yake hewa imeingia. Siki, au harufu ya rangi ya kucha, maana yake bakteria. Chupa ya namna hiyo iondolewe. Kuweni na moja ya akiba.

Kuonja kwenyewe

Wengi wa wageni wenu hawatakuwa na maneno ya kueleza wanachonusa. Wasaidieni kwa vitu halisi. Panga mezani vibakuli vidogo: kipande cha ndimu, tufaha la kijani lililokatwa, nanasi lililoiva, embe kama lipo sokoni, siagi, nazi iliyokunwa, korosho zilizokaangwa, vanila kidogo ndani ya maji, na ukoko wa mkate ulioungua kidogo. Wapite wanuse moja moja kabla ya kukaa. Hapo mtu akifika kwenye glasi, pua yake ina pa kurejea.

Sasa chukua glasi A. Iinamishe juu ya kitambaa cheupe uangalie ukingoni: kijani chepesi ni dalili ya ujana na baridi, dhahabu ni dalili ya umri, jua au pipa. Inuse kabla ya kuizungusha, mara moja tu, fupi. Kisha ishike shina, izungushe ikiwa bado mezani, ingiza pua, vuta pumzi. Andika neno la kwanza lililokuja, usilibishie. Vuta mvinyo kiasi cha kijiko, uzungushe mdomoni hadi pembeni mwa ulimi, ingiza hewa kidogo kati ya midomo. Tema. Halafu hesabu sekunde ukiwa kimya: ladha imekaa muda gani? Mvinyo mzuri unaendelea kusema baada ya kuutema.

Kwenye raundi ya kwanza sikiliza uchachu. Je, mate yanajaa pembeni mwa taya? Chablis kwa kawaida hufanya hivyo kwa nguvu, na wengine huusikia kama jiwe lililonyeshewa. Robertson, penye jua zaidi, huwa laini, na tunda lake limeiva zaidi.

Raundi ya pili ndiyo yenye utajiri, na hapa watu huchanganya mambo matatu tofauti wakayaita yote "pipa". La kwanza ni siagi. Siagi haitoki kwenye mbao. Baada ya hamira kumaliza kazi, bakteria hubadilisha tindikali kali ya tufaha kuwa tindikali laini ya maziwa, na katika kazi hiyo huacha kemikali inayonukia siagi. Ndiyo maana mvinyo wenye siagi huwa pia hauna uchachu mkali. La pili ni mbao zenyewe: vanila, karafuu, mkate uliobanikwa, na nazi hasa mwaloni ukiwa wa Marekani. La tatu ni mashapo, yaani hamira iliyokufa ikatulia chini ya pipa. Fundi akiikoroga mara kwa mara mvinyo hupata unono mdomoni na harufu ya donge la mkate. Mtu akiweza kutenganisha hayo matatu katika jioni moja, amepata elimu ambayo wengi wanaokunywa mvinyo miaka mingi hawanayo. Mratibu ayaeleze taratibu kabla ya glasi D, na arudie.

Kati ya glasi na glasi, maji na mkate mweupe. Pilipili, ubuyu, kachumbari na kahawa visikaribie mpaka kura ziishe.

Kuhusu kutema, msione haya. Mililita 50 mara saba ni 350, karibu nusu chupa, na kwa kilevi cha asilimia 13 ni gramu 36 hivi za alkoholi tupu kwa mtu mmoja. Kwetu kutema mbele ya wakubwa ni utovu wa adabu, kwa hiyo kila mtu apewe kikombe chake cha rangi kisichoonyesha kilichomo, na mratibu ateme wa kwanza akieleza sababu. Wakimwona yeye, watafuata. Anayenyonyesha, mjamzito, anayetumia dawa au asiyekunywa kabisa apewe maji ya zabibu na kazi ya kuhesabu kura. Bajaji na teksi zipangwe kabla, na anayekuja na gari akabidhi funguo mlangoni.

Mkubwa aseme mwisho

Hili nalisisitiza kuliko yote. Katika meza zetu kuna mkurugenzi, mhadhiri, mzee wa kanisa, mtu aliyesoma Ulaya. Akisema tu "D ndiyo yenyewe," wote wameshaona D ndiyo yenyewe. Shindano limekufa. Kwa hiyo raundi nzima ni kimya, dakika 15, kila mtu na karatasi yake. Karatasi zikishakusanywa ndipo mazungumzo yaanze, na yaanzie kwa mdogo kuliko wote kiumri au kicheo. Mheshimiwa afunge.

Wale wageni wawili nilioahidi kuwaeleza ni wakulima wa zabibu kutoka kata itakayopata tangi. Waje bila kiingilio, kama wageni wa heshima, nauli yao ilipwe. Wakulima wengi wanauza zabibu kwa kilo na hawapati nafasi ya kuonja kinachofanyika kwingine. Nimemwona mama mmoja wa Hombolo akinusa glasi ya Australia kwa muda, akairudisha mezani na kumwambia kijana aliyekaa jirani, "Mwanangu, hizi ziliachwa mtini zikaiva kupita kiasi, jua limezila." Kijana akamjibu, "Shikamoo mama, mimi nimeandika embe tu." Wote wawili walikuwa sawa, lakini yule mama alijua sababu. Shamba lilikuwa la eneo la joto na kilevi kilikuwa zaidi ya asilimia 14. Meza ilinyamaza ikamsikiliza, na kuanzia hapo maswali yote yalikwenda kwake.

Kura na kufunua

Achaneni na alama za 100. Watu wasiozoea hutoa 85 kwa kila kitu. Kila mtu apange glasi saba kuanzia 1, aliyoipenda kuliko zote, hadi 7. Jumlisheni namba kwa kila herufi. Yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Kwa watu 14 jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 14 na kubwa ni 98. Andikeni kwenye ubao mbele ya wote.

Mfunue kuanzia ya mwisho kuja ya kwanza, mkitaja bei ya kila moja. Pacha wafunuliwe pamoja. Aliyewapa nafasi zinazofuatana amestahili makofi. Aliyewapa 1 na 7 asichekwe, kwa sababu glasi inayofuata baada ya mvinyo mzito huonekana nyembamba, na huo ni ukweli unaowapata hata wenye vyeti.

Baada ya hapo, nje ya mashindano, mimineni Chenin Blanc kavu ya Dodoma. Ndiyo zabibu nyeupe inayotawala mashamba yetu. Si haki kuishindanisha na Chardonnay, lakini ni haki iwepo mezani, ionjwe kwa pua ileile iliyofunguka. Hapo nyama choma au perege wa bwawa la Mtera wa kukaanga waletwe. Perege na mvinyo wa pipa uliobaki kwenye glasi vinakwenda pamoja vizuri mno.

Fedha

Njia ya kwanza ya kukusanya ni kiingilio, tuseme shilingi 60,000. Watu 12 wanatoa 720,000. Ya pili ni faini: kabla ya kufunua, kila mtu aandike herufi anayodhani ndiyo ghali kuliko zote, na aliyekosa atoe 5,000. Wengi watakosa, na watatoa wakitabasamu.

Ya tatu ni mnada, na Dodoma mnada haufundishwi. Aliyezoea kwenda kwenye mnada wa Msalato Jumamosi anajua kupandisha bei. Nadini chupa moja ya mshindi ambayo haijafunguliwa, kreti ya zabibu za mezani, na kitu ninachokipenda zaidi: siku moja shambani kwa mkulima, mshindi afundishwe kupogoa mzabibu, na mkulima alipwe ujira wake wa siku. Fedha zipokelewe kwa simu kwenye namba moja iliyotangazwa, jina la mweka hazina lionekane, na msaidizi aandike kila muamala daftarini hapohapo.

Ndani ya wiki moja hesabu itumwe kwenye kundi la WhatsApp: kilichoingia, kilichotoka, picha za risiti, salio. Fedha zisipitie mikononi mwa mtu. Mlipeni muuzaji wa tangi na fundi moja kwa moja, fundi apewe nusu mwanzo na nusu maji yakipita. Wawili kati yenu waende shuleni siku ya kufunga. Wakague kwamba gata zina mteremko kuelekea kwenye bomba, kwamba kuna wavu wa kuzuia majani, na kwamba koki iko juu kiasi cha ndoo ya lita 20 kuingia chini yake. Mwalimu wa zamu aelekezwe kuachia maji ya mvua ya kwanza yamwagike nje, yale yanayoosha vumbi la bati, ndipo bomba ligeuzwe kuelekea tangini.